Breki na Vumbi Lake

Miongoni mwa viungo vyote vya motokaa, hakuna kinachoundwa kwa kusudi la kulika kama pedi ya breki. Injini huundwa idumu, ekseli huundwa isivunjike, na bodi huundwa istahimili mvua na jua. Lakini pedi huundwa ipungue, na kila dereva akanyagapo breki sehemu yake ndogo huwa vumbi, ili mwendo wa gari upate kufa bila ya mtu kufa pamoja nao. Tairi nalo hulika, ila kulika kwake ni hasara tupu, ilhali kulika kwa pedi ndiyo kazi yake yenyewe. Fundi anayefungua gurudumu la nyuma, akatoa pedi zilizokwisha na kutia mpya, anafanya kazi isiyomchukua muda mrefu. Lakini kazi hiyo ina nasaba ya zaidi ya miaka 130, na ndani ya nasaba hiyo wamo mshona viatu wa Ujerumani, wachukuzi wa vilima vya Derbyshire, wasokotaji wa Rochdale, watu wa machimbo ya Afrika ya Kusini, na hata samaki wa mito ya Marekani. Makala haya yanakusudia kuisimulia nasaba hiyo, na kuuliza swali ambalo wavumbuzi wengi walichelewa mno kuliuliza: kile kilichosagika, kilikwenda wapi?

Kabla ya motokaa kuzaliwa, gari la kukokotwa lilizuiwa na farasi wenyewe katika nchi tambarare, na mteremkoni lilizuiwa na gogo la mti lililosukumwa kwa wenzo hata likabana ukanda wa chuma wa gurudumu la nyuma. Gurudumu la nyuma lilichaguliwa kwa sababu iliyo dhahiri: ekseli ya mbele iligeuka huku na huku kuwafuata farasi, na kufunga breki juu ya kitu kisichotulia kulikuwa ni adha, ilhali ekseli ya nyuma ilikaa pahali pake siku zote. Karl Benz alipoomba hati ya uvumbuzi wake mjini Mannheim tarehe 29 Januari 1886, gari lake la magurudumu matatu liliirithi ada hiyo. Nguvu ya kuliendesha na nguvu ya kulizuia zote mbili ziliwekwa upande wa nyuma, na jambo hilo likawa kama sheria kwa wengi wa waunda magari kwa zaidi ya miaka 30 iliyofuata.

Mkewe, Bertha Benz, ndiye aliyeitia sheria hiyo mtihanini. Mwezi wa Agosti 1888, bila ya kumwarifu mumewe, aliwachukua wanawe wawili, Eugen na Richard, akatoka Mannheim kwenda Pforzheim kwa mama yake, safari ya takriban kilomita 100 ambayo motokaa ilikuwa haijapata kuthubutu mfano wake. Katika mji wa Wiesloch alinunua mafuta ya kuendeshea injini dukani kwa muuza dawa, maana vituo vya petroli vilikuwa bado havijakuwako. Penye milima watoto walisukuma. Na penye miteremko mbao za breki zilisagika kwa msuguano hata zikawa hazishiki tena. Akasimama kwa mshona viatu, akamtaka azipigilie ngozi. Wengi katika wanahistoria wa motokaa huihesabu ngozi ile kuwa ndiyo gamba la kwanza la breki duniani. Uvumbuzi ule ulifanyika njiani, kwa mkono wa mshona viatu na kwa shauri la mwanamke aliyekuwa na watoto wawili garini na mteremko mbele yake. Na tangu siku ile ikadhihiri kwamba kinachobana na kinachosuguliwa ni vitu viwili mbalimbali, na kwamba kile kinachosuguliwa chaweza kutolewa na kubadilishwa peke yake. Kila pedi iliyomo dukani leo imezaliwa na maarifa hayo.

Miaka tisa baadaye, mwaka 1897, Mwingereza jina lake Herbert Frood aliyafikia maarifa hayohayo kwa njia nyingine. Alikuwa Derbyshire, nchi ya vilima na mawe, na inasimuliwa kwamba aliwaona wachukuzi wakifunga viatu vikuukuu juu ya magogo ya breki ili magari yao yasiwakimbie mteremkoni. Wengi walikuwa wameyaona hayo wakapita. Frood alisimama akatafakari. Katika kibanda kijijini Combs alijaribu vitambaa vya namna namna vilivyofumwa kwa ushupavu na kushibishwa utomvu, na mwaka 1902 alihamia Chapel-en-le-Frith, mji mdogo wa jirani, ambako kiwanda chake cha Ferodo kilikuja kuwa mashuhuri ulimwenguni kote. Pamba yake ilishika vizuri, lakini pamba ni pamba: joto likipita kiasi cha digrii 150 huanza kuungua, na breki iliyoungua haifai kitu. Hapana budi tufahamu ukubwa wa joto lenyewe. Gari la tani moja na nusu linalokwenda kilomita 100 kwa saa hubeba nguvu ambayo, likisimamishwa, hugeuka kuwa joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita moja na nusu ya maji baridi. Na joto lote hilo hutoka katika vipande vichache vya kusuguana visivyozidi upana wa kiganja, kwa muda wa sekunde chache. Kadiri magari yalivyozidi kuwa mazito na mepesi wa mwendo, ndivyo haja ilivyozidi ya kupata kitu kisichoungua.

Wakati huohuo gurudumu lenyewe lilikuwa likibadilika. Tairi za mpira wenye upepo zilipoenea mwishoni mwa karne ya 19, haikuyumkinika tena kulibana gurudumu juu ya uso wake, kwani mpira ungechanika. Ikalazimu kutafutwa pahali pengine pa kubana, napo pakawa ni ngoma ya chuma iliyofungwa pamoja na gurudumu. Hapo kwanza ngoma hiyo ilizungushiwa ukanda kwa nje, na ukanda huo ulishika vyema gari likienda mbele. Lakini gari likikwama mlimani likaanza kurudi nyuma, ukanda ulijilegeza wenyewe, na matope na mvua viliuingilia bila ya kizuizi. Mwaka 1902 Mfaransa Louis Renault akaviweka viatu vya breki ndani ya ngoma, vipanuke na kubana ukuta wake wa ndani, mbali na tope na maji. Na umbo hilo, kwa asili yake, ndilo lililomo hata leo katika magurudumu ya nyuma ya malori mengi na ya magari madogo mengi pia. Mwaka uleule wa 1902, huko Birmingham, Frederick Lanchester aliandikisha uvumbuzi wa breki ya diski: sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, ikabanwa ubavuni kwa vipande viwili vya shaba. Fikira ilikuwa sahihi, lakini shaba ilipiga ukelele ulioudhi masikio, tena ililika upesi kwa vumbi la barabara zisizo na lami. Fikira ile ikangoja nusu karne.

Katika muda wa kungoja huko, jambo jingine lilitatuliwa, nalo ni kosa la kuyaachia magurudumu ya nyuma mzigo wote. Gari likizuiwa, uzito wake huelemea mbele, na magurudumu ya nyuma huwa mepesi. Basi yakibanwa kwa nguvu huteleza, na gari hugeuka mkia ukawa mbele. Ford ya Model T, iliyoundwa tangu 1908 hata 1927 na kupita idadi ya milioni 15, haikuwa na breki yoyote mbele: pedali yake ilibana ndani ya gia, nguvu ikashuka kwenye ekseli ya nyuma, na wenzo wa mkono ukabana ngoma ndogo za magurudumu ya nyuma. Isotta Fraschini ya Italia ilikwisha kutia breki za mbele kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, lakini watu wengi walikhofu kwamba gari likibanwa mbele litapinduka kichwa chini. Na hata katika miaka ya 1920, baadhi ya magari yenye breki nne huko Uingereza yalibandikwa pembetatu nyekundu nyuma, kumtahadharisha dereva afuataye kwamba gari lililo mbele yake laweza kusimama ghafula. Khofu hiyo ilikwisha pale fito na nyaya za kuvutia breki, ambazo hazikupata kuvuta sawasawa pande zote, zilipopisha mafuta. Mmarekani Malcolm Loughead aliupata uvumbuzi wa breki za mafuta mnamo 1917, akiitumia kanuni iliyojulikana tangu zama za Pascal, kwamba mgandamizo uliofungiwa ndani ya kimiminiko huenda kila upande kwa kadiri moja. Na mwaka 1921 gari la Duesenberg likatoka na breki hizo katika magurudumu yote manne.

Hatimaye diski ikapata wakati wake. Katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, kulikuwa na njia iliyonyoka ya takriban kilomita 6 ambayo mwisho wake ni kona kali, na madereva walioifikia kona hiyo kwa mwendo mkubwa mzunguko baada ya mzunguko waliona ngoma zao zikipata moto, zikipanuka, na kuvikimbia viatu vilivyotakiwa kuzibana. Diski ikipata moto hupanuka kuielekea pedi, tena hupigwa na upepo siku zote. Mwaka 1953 Jaguar iliyotiwa breki za diski za Dunlop, ikiendeshwa na Tony Rolt na Duncan Hamilton, ilishinda kwa wastani uliopita kilomita 160 kwa saa, jambo lililokuwa halijapata kutokea katika mashindano hayo, na tangu hapo hoja ikawa imekwisha. Hata hivyo Citroën DS ya 1955 iliwekewa diski mbele tu, nyuma ikabakishwa ngoma, na magari mengi ya kawaida yaliufuata mwendo huo kwa miongo kadhaa. Nyuma, palipokuwa pa kwanza kuwa na breki, pakawa pa mwisho kupewa breki mpya.

Sasa tulirudie lile swali la kile kilichosagika. Kitu kisichoungua, alichokuwa akikitafuta Frood, kilipatikana takriban mwaka 1908, nacho kilikuwa ni asbesto, jiwe lenye nyuzi laini zinazoweza kusokotwa na kufumwa kama pamba, zikahimili joto la mamia ya digrii. Kwa muundaji wa breki ilikuwa ni neema isiyo na kifani: rahisi kwa bei, imara, na haipigi kelele, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 karibu kila pedi na kila kiatu cha breki kilichouzwa duniani kilikuwa nayo. Lakini nyuzi zilezile zilizokataa kuungua zilikataa pia kuoza zikiingia pafuni mwa mwanadamu. Nellie Kershaw, mwanamke aliyekuwa akisokota nyuzi za asbesto kiwandani Rochdale, alifariki tarehe 14 Machi 1924, umri wake miaka 33. Waliomwajiri walikataa kwamba ugonjwa wake umetokana na kazi, wala hawakulipa fidia. Daktari William Cooke aliyatazama mapafu yake kwa darubini, akaona chembe za jiwe zilizojikita katika nyama iliyofanya makovu, na mwaka uleule akaliandika jambo hilo katika jarida la madaktari wa Uingereza. Mwaka 1930 wakaguzi Merewether na Price walitoa ripoti kwa serikali, wakaonesha kwamba zaidi ya robo ya wafanyakazi wa asbesto waliowapima walikuwa na makovu hayo, na mwaka uliofuata kanuni za kuzuia vumbi viwandani zikatungwa.

Lau kama jambo lingekomea viwandani, huenda kanuni zile zingetosha kiasi. Lakini mwaka 1955 mtafiti Richard Doll alibainisha uhusiano wa asbesto na saratani ya mapafu, na mwaka 1960 Daktari Wagner na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 33 wa Afrika ya Kusini, wengi wao kutoka nchi ya machimbo ya asbesto ya Cape ya Kaskazini, waliopatwa na saratani adimu ya utando unaoyafunika mapafu. Baadhi yao hawakupata kufanya kazi machimboni hata siku moja. Walikaa karibu tu, au walicheza utotoni juu ya malundo ya taka za mgodi. Saratani hiyo hujificha miaka 20, 30, hata 40 na zaidi, kisha hujitokeza. Na kwa hiyo aliyevuta vumbi katika ujana hulipa deni lake uzeeni, wakati ambapo hakuna tena amkumbukaye aliyemkopesha. Gereji nazo zilikuwa katika njia ya vumbi hilo. Fundi aliyefungua ngoma ya nyuma alikuta ndani yake unga wa kijivu uliojikusanya tangu siku ngoma ilipofungwa, maana ngoma, kwa vile inazuia maji kuingia, huzuia pia vumbi kutoka. Na ada ya mafundi katika nchi nyingi ilikuwa ni kuupuliza unga huo kwa kinywa au kwa upepo wa kompresa, ukajaa chumba kizima, akauvuta yeye, na mwanagenzi wake, na mteja aliyeketi pembeni akingoja gari lake.

Uingereza ilipiga marufuku asbesto iliyokuwa imesalia mwaka 1999, na mwaka 2005 marufuku hiyo ikaenea Umoja wa Ulaya wote. Mahali pake pakatiwa nyuzi za chuma, za kioo, na za kutengenezwa kwa sanaa ya kemia, zikiwemo zile za Kevlar zilizotokana na kazi ya mkemia Stephanie Kwolek mwaka 1965, zote zikiunganishwa kwa gundi ya jamii ya Bakelite, ambayo Leo Baekeland aliitangaza mwaka 1909. Pedi nyingi zikaongezwa shaba, iletayo utulivu na kuchukua joto upesi. Na vumbi la shaba hiyo likaoshwa na mvua kutoka barabarani hata mitoni, ambako samaki wa jamii ya samoni walipungukiwa na hisi ya kunusa, ambayo kwayo huijua njia yao na kumkimbia adui. Mwaka 2010 majimbo ya Washington na California huko Marekani yakatunga sheria za kuipunguza shaba katika pedi kwa hatua. Na mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni ambazo kwa mara ya kwanza zinaliwekea mpaka vumbi la breki lenyewe: miligramu 7 kwa kilomita kwa magari mengi madogo ya injini, na 3 kwa yale ya umeme mtupu, ambayo husaidiwa kupunguza mwendo na mota zake. Zimepita zaidi ya miaka 130 tangu ngozi ya Bertha Benz, na ndiyo kwanza sheria inauliza moja kwa moja vumbi linakwenda wapi.

Magurudumu ya nyuma nayo, baada ya kuchelewa, yamepata diski katika magari mengi ya leo, na kazi ya kubadilisha pedi zake imekuwa na ustadi wa pekee, kwa kuwa hapo nyuma ndipo inapokaa handbreki. Fundi mjuzi hutia vigingi magurudumu ya mbele, akailegeza handbreki, akainua gari kwa jeki na kulikalisha juu ya stendi. Hufungua boliti za kalipa, yaani kile chombo kinachozibana pedi, akaining'iniza kwa waya, asiiache ikaning'inia kwenye mpira wa mafuta. Pedi mpya huwa na unene wa takriban milimita 10, na ikifika 3 wakati wake umekwisha. Mbele, pistoni husukumwa tu ikarudi ndani. Nyuma, katika kalipa nyingi, pistoni ina hesi ndani yake kwa ajili ya handbreki, na haina budi kuzungushwa huku ikibanwa, kwani anayeisukuma kwa nguvu peke yake huiharibu. Ikiwa handbreki ni ya umeme, sharti kwanza iamriwe kwa kompyuta ijifungue. Kisha pini za kalipa husafishwa na kupakwa grisi ya joto kali, pedi hubadilishwa kulia na kushoto pamoja, mafuta ya breki hutazamwa yasifurike kwenye kopo lake, na kabla gari halijasogea hata hatua moja, pedali hukanyagwa mara kadhaa hata iwe ngumu. Maana pistoni iliyorudishwa ndani haigusi kitu, na dereva akiondoka bila ya kufanya hivyo, mkanyago wake wa kwanza utakuta utupu.

Katika miji yetu, tangu Gerezani ya Dar es Salaam hata barabara ya Kirinyaga ya Nairobi, kazi hii hufanywa kila siku na vijana hodari walioipata kwa kuona na kutenda, na wapo miongoni mwao wanaogongea magamba mapya kwenye viatu vikuukuu vya breki kwa riveti, kazi yenye hikima yake, iliyowaokolea wengi gharama. Miteremko yetu haina huruma. Aliyeshuka mteremko wa Kitonga, Tanzania, au wa Salgaa, Kenya, nyuma ya lori lenye shehena anaijua thamani ya breki pasi na kuhubiriwa. Kwa sababu hiyo heshima ya fundi wa breki haina budi iwe kubwa, na uhai wake uwe mzito katika mizani sawa na uhai wa abiria. Asbesto bado haijapigwa marufuku katika nchi zote za dunia; kwa hiyo gari kuukuu, au pedi isiyojulikana asili yake, isidhaniwe kuwa salama, na hata vumbi lisilo na asbesto halina fadhila yoyote kifuani mwa mtu.

Basi nasaha yangu ni hii. Mwenye gereji, kataza kupuliza: vumbi la breki lilowanishwe kwa maji au kwa dawa ya kusafishia breki, lifutwe kwa kitambaa kibichi, na kitambaa hicho kifungwe na kutupwa; tena nunua barakoa imara za kuzuia vumbi, na mwanagenzi apewe kabla ya kupewa spana. Muuza vipuri, andika pedi imetoka wapi na ina nini. Nawe mwenye gari, usingoje sauti ya chuma kusaga chuma ndipo upeleke gari kwa fundi. Kagua pedi za nyuma kila ukaguapo za mbele, lipa bei ya pedi njema, na unapoketi gerejini kungoja, ukiona fundi anainama kulipuliza vumbi, mwambie aache.